Namba ya Mtoto Haikufika

Kitanda kidogo cha wodini kilikuwa kitupu, shuka bado limebonyea umbo la kichanga. Mama yake alimng'ang'ania Inspekta mkono.

"Dada yangu, kile kiungo cha polisi cha mtandaoni kimesambazwa kila mahali. Ina maana hakuna hata mmoja aliyemwona mwanangu?"

Inspekta naye alikuwa akijiuliza hivyohivyo tangu jana. Picha ya mtoto ilizagaa kwenye simu za mji mzima, na chini yake kiungo cha tovuti ya polisi, mwishoni kimebeba namba ya jalada. Taarifa? Hakuna.

Akakibonyeza mwenyewe. Tovuti ikampeleka kwanza kuthibitisha simu yake, kisha ikamhamishia ukurasa mtupu, usio na picha wala mahali pa kuandika taarifa. Akaikodolea macho anwani ya ukurasa, juu ya kioo cha simu. Namba ya jalada haikuwepo tena.

Fundi wa tovuti alikuwa kwenye kichumba chake kituoni, chai imempoa mezani.

"Hitilafu tu, Afande. Mtu akihamishwa ukurasa, vya mwishoni mwa anwani huwa vinadondoka."

"Nimejaribu kiungo cha gari lililoibwa. Namba ilifika."

"Bahati hiyo."

"Na cha mbuzi aliyepotea. Ikafika. Mbuzi ana bahati kuliko mtoto?"

Fundi alicheka kicheko kikavu. Inspekta hakucheka. Macho yake yalikuwa begani kwa fundi, kwenye doa jeupe lililokauka. Akasogea. Harufu ile aliijua. Asubuhi ileile alikuwa amefua doa kama hilo la mwanawe kwenye sare yake.

"Una mtoto?"

"Mimi? Hata mke sina."

"Sasa nani amekucheulia maziwa?"

Fundi aliliziba doa kwa kiganja.

"Dada yangu amezika watoto watatu," alisema. "Nimeingia kwake, namkuta amempakata mtoto huyu wa wodini, anamwimbia. Nilishindwa kumnyang'anya. Nikaiamuru tovuti: namba hii ikipita, iachwe njiani. Nilitaka apate kulea kidogo tu, Afande. Anakoishi siwezi kukutajia."

"Na mama yule wa wodini ana huyohuyo mmoja. Irudishe."

Akairudisha. Inspekta akakaa palepale kukitazama kioo cha kompyuta. Dakika kumi hazijapita, taarifa ya kwanza ikaingia: mwanamke mmoja anasikia kichanga kikilia kwa jirani yake, na jirani hakuwahi kuonekana na mimba.

Fundi alisoma jina la mtaa, akafumba macho.

"Ni kwa dada yangu."

"Simama," Inspekta alisema, sauti imemlainika bila kutaka. "Utagonga mlango wewe. Akikuona wewe, hatakimbia naye."