Mkono wa Baba Klara

Vumilia alikuwa anakata viazi vitamu ili avianike viwe michembe. Mwaka jana kazi hii aliifanya na jirani yake, Mbuke. Walikata, walicheka, walisengenya kidogo, na karai likajaa bila wao kujua. Mwaka huu Mbuke hakukosa udhuru. Jana alikuwa na mgeni, leo mgongo unauma. Vumilia hakuwa mtoto. Sababu aliijua.

Sababu ilikuwa imekaa kivulini, upande wa pili wa uwanja. Ni mume wake, Magesa, ambaye watu humwita Baba Klara.

Magesa alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Mwakitolyo. Siku moja aliokota kopo la chuma kwenye lundo la chuma chakavu. Lilikuwa dogo, lakini zito kupita kiasi. Lilikuwa na alama ya njano yenye mapanga matatu meusi, kama ya feni. Magesa hakujua maana ya alama ile. Alilipasua, akakuta ndani kipande kidogo kinachong'aa.

Wachimbaji wana mambo yao. Mtu anaweza kukosa hela ya chumvi, lakini dawa ya bahati hakosi. Magesa alikifunga kile kipande kwa mpira kwenye mpini wa nyundo yake, ili nyundo inuse dhahabu. Kisha akagonga mwamba mchana kutwa.

Dhahabu haikuonekana. Mkono ndio uliovimba, ukatoka malengelenge kama ulioungua. Daktari alimwuliza maswali mengi, kisha akawaita wataalamu wa mionzi. Walikuja na vipimo vyao. Walikichukua kile kipande kwenye chombo chao maalumu. Wakapima machimbo, nyumba na watu. Magesa akapelekwa hospitali kubwa Mwanza, akakaa huko miezi mingi. Alirudi akiwa hana vidole viwili vya mkono wa kulia.

Alirudi, lakini kijiji hakikumpokea. Walisema ana sumu ya nyuklia mwilini, na kwamba atawaambukiza. Hata Vumilia aliogopa. Alimtengea mumewe sahani yake, kikombe chake na mkeka wake. Zaidi ya yote alimwogopea Klara, mtoto wao, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kila Klara alipojikongoja kwenda kwa baba yake, Vumilia alikimbia kumnyakua. Magesa naye aliinua mikono juu, asije akamgusa. Kila mara Vumilia aliona aibu, na kila mara alimnyakua tena.

Siku hiyo Magesa alimwita, akasema taratibu.

"Mama Klara, kaka Enock ameniandalia chumba cha uani kule Tinde. Nitakaa huko peke yangu. Mtoto akue salama."

Vumilia aliweka kisu chini. Akajifunga kitenge, akambeba Klara mgongoni, akashika njia ya zahanati.

Huko alimkuta Zuhra, muuguzi ambaye kila wiki humsafisha Magesa kidonda. Vumilia alimwuliza lile ambalo tangu mwanzo aliogopa kuuliza. Je, mume wangu atamwua mtoto wangu? Zuhra hakumcheka. Alifunga mkoba wake, wakarudi pamoja nyumbani, akaketi mkekani kati ya mume na mke.

"Baba Klara, ukiota moto ukaungua, kisha ukaondoka, wewe unakuwa moto?" aliuliza Zuhra.

"Hapana. Nabaki na kidonda."

"Basi ndivyo ilivyo. Kile kipande kilikuwa kinatoa mionzi. Mionzi haionekani wala hainuki, lakini inaunguza. Wataalamu walikiondoa. Wewe umebaki na kidonda, mionzi haikubaki kwako. Huwezi kumwambukiza mtu."

Vumilia hakuridhika upesi. Aliuliza, na kama imeingia kwenye damu? Zuhra alimweleza kwamba swali lake ni zuri. Kama kile kipande kingevunjika na unga wake kumwagika, unga ungeweza kushika nguo, ngozi, hata kuingia tumboni. Hapo wangehitaji kusafishwa kwa uangalifu. Ndiyo maana wataalamu walipima kila kitu. Kipande kilikuwa kizima, na nyumba ilikuwa safi. Magesa aendelee kwenda kliniki apimwe damu, na kidonda kiwe safi. Basi.

"Mimi namgusa kila wiki," Zuhra alimaliza. "Glavu navaa ili nisimtie uchafu kwenye kidonda. Simwogopi."

Vumilia alimtazama mumewe. Amekonda, huyu mtu. Amekula peke yake muda wote huu, na hajalalamika hata mara moja. Vumilia alifungua kitenge, akamshusha Klara, akamweka mapajani kwa baba yake.

Magesa akainua mikono juu, kama alivyozoea.

"Mshike," alisema Vumilia. "Ni wako."

Mikono ilishuka polepole. Klara alishika kidole kimoja cha ule mkono wenye bandeji, akataka kukitia mdomoni. Magesa alisema kwa Kisukuma, "Ng'wana wane," yaani mwanangu, kisha machozi yakamtoka. Vumilia naye alilia, wala hakujificha.

Kwenye mkutano wa kijiji uliofuata, Magesa aliomba nafasi. Aliinua mkono wake, watu wakauona. Kisha akaonyesha mchoro wa ile alama, ambao Zuhra alimchorea. Aliwaambia, ukiona chuma chenye alama hii, usikiguse, usikipasue, usikiuze. Kaa mbali, zuia wengine, mwambie mwenyekiti au polisi. Zuhra alisimama, akawaeleza yale aliyoyaeleza mkekani. Mkutano ulipokwisha, Mbuke alikuja kwa haya, akampa Magesa mikono yote miwili.

Jioni hiyo simu ililia. Ni Enock, kutoka Tinde. Alitaka kujua mdogo wake anakuja lini, kwa sababu chumba cha uani kiko tayari. Magesa alikuwa amempakata Klara, na mtoto alikuwa amesinzia kifuani. Vumilia akaichukua simu.

"Shikamoo shemeji," alisema. "Asante kwa chumba. Weka mahindi humo. Mume wangu ana kwake."