Mume Wangu Alimwambia Fundi: "Mwambie Imekufa!"

Saa nne asubuhi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine yangu ya kuoshea vyombo, mikono imelowa, simu yake iko sakafuni kwenye spika.

Sauti iliyokuwa inatoka humo ilikuwa ya mume wangu.

"Mwambie imekufa kabisa. Haitengenezeki."

Nilisimama kwenye korido na kikapu cha nguo. Sikusogea...

"Lakini bosi, ni mpira wa mlango tu umechoka," fundi akasema. "Ndiyo maana inavuja. Nusu saa nimemaliza."

"Mpira utaubadilisha huko huko inakokwenda. Pikapu inakuja. Kuna mtu anaisubiri, ameshatenga nafasi jikoni kwake. Jana nilipomwambia alifurahi mpaka akalia."

"Na mwenye jiko?"

"Atanuna, atazoea."

Kuna mtu... Ameshatenga nafasi... Akalia!

Wasomaji wangu, wiki nzima tulikuwa tunabishana ndani ya nyumba: tuitengeneze au tununue nyingine? Mashine imezeeka, imeanza kuvuja. Mimi nilisema aje fundi kwanza, aifungue, ndipo tuamue. Kumbe mwenzangu alishaamua, tena bila mimi.

Na kabla hamjaandika "mashine tu hiyo, dada"...

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji. Sabuni ya vyombo inanipasua ngozi. Glavu nimejaribu, jasho la ndani linapasua vilevile. Mwenye kidonda mkononi hasogei kwenye meza ya upasuaji, na msimamizi wangu ameshaniambia: mikono ikipasuka tena, nahamia mapokezi kuandika majina.

Mume wangu analijua hilo. Nilimwambia kwa mdomo wangu.

Simu ilipokatwa, niliingia jikoni.

"Fundi, mgonjwa anaendeleaje?"

Alishtuka, akagonga kichwa kwenye kaunta.

"Dada... hali si nzuri."

"Amekufa?"

"Ame... ndiyo, dada. Poleni na msiba."

"Nimesikia kila kitu."

Akaitazama simu yake kama ndiyo iliyomsaliti.

"Sasa nisikilize," nikamwambia. "Pakia kama ulivyoagizwa. Na mimi napanda."

"Dada, usiniingize matatani, mimi nina watoto!"

"Na mimi nina mashine."

Pikapu ilipofika, fundi alikaa nyuma na mashine, na dereva akanitazama nikipanda kiti cha mbele, uso nimeukaza.

"Shemeji, tunahama?"

"Tunazika."

Akawasha gari.

Njiani sikulia. Machozi si ushahidi. Nilipanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke: yeye ni nani, yalianza lini, na ajue kwamba mashine hii niliinunua kabla sijaolewa. Anayetaka mume tutazungumza. Mashine, hapana!

Pikapu ikakata kona. Ikasimama mbele ya geti ninalolijua vizuri.

"Una uhakika ni hapa?" nikamuuliza dereva.

"Ndipo nilipoelekezwa."

Mlango ukafunguliwa...

Mama mkwe wangu!!!

"Ee! Mkwe wangu! Umeileta mwenyewe! Mungu akuzidishie!"

Maneno yote niliyopanga yakaniishia mdomoni.

"Mama... umeambiwa imetoka wapi?"

"Dukani! Mwenzio kasema kaninunulia mpya."

Alikwenda kuipapasa pale kwenye pikapu. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Kushika sufuria tu ni kazi. Nilikuwa najua. Huo nao ni ukweli, siufichi.

"Mbona mpya imebonyea ubavuni?" akauliza.

Fundi akaangalia viatu vyake.

Najua wengi wenu mngetaka niseme: chukua tu mama, ni yako. Mkwe mwema. Picha ipigwe, watu wasifu.

Sikusema hivyo.

"Mama, hii ni yangu. Haikufa, inavuja tu. Mwanao alimwagiza fundi anidanganye ili ije kwako. Naomba nirudi nayo. Bila hiyo napoteza kazi."

Mama akaacha kuipapasa mashine.

"Kwa hiyo mimi nimelilia mali ya mtu?"

"Hukujua, mama."

Akatoa simu. Akaweka spika.

"Mama! Imefika? Umeionaje mpya yako?"

"Mpya yangu imebonyea, mwanangu. Tena ina mwenyewe. Amesimama hapa."

Hata dereva alizima injini ili asikie.

"Mke wangu..." sauti ikatoka taratibu. "Mama anaumwa mikono. Wewe bado una mikono mizima..."

"Mizima kwa sababu ya mashine hiyo!"

"Ningekuomba, ungenipa?"

"Ningekataa. Halafu tungemtafutia mama mashine ya kwake, mimi na wewe. Ila wewe ulitaka sifa, tena peke yako."

Mama akamjibu yeye.

"Sikiliza wewe. Ya zamani inatengenezwa, inarudi kwa mwenyewe. Mpya uliiahidi wewe, basi nione mpya. Na mpaka nitakapoiona, vyombo vyangu utakuwa unakuja kuosha wewe. Vya leo viko kwenye beseni."

"Mama, niko kazini..."

"Na mwenzio hana kazi? Ukitoka, njoo!"

Akageuka kwangu. Nilidhani sasa ni zamu yangu kufokewa.

"Wewe umenikatalia usoni," akasema. "Yeye kanipa kwa uongo. Sasa najua nani hanidanganyi."

Ndugu zangu, nasema hivi na sirudi nyuma: anayetaka kutoa zawadi atoe cha kwake. Hisani kwa mali ya mwenzako ni wizi uliovaa tabasamu. Na ukiambiwa kitu chako kimekufa, omba kuiona maiti.

Fundi aliirudisha mashine, akabadilisha mpira. Hakutaka hata kunitazama usoni. Niliiwasha nikakaa mbele yake mpaka ilipomaliza. Haikuvuja.

Mume wangu alipitia kwa mama yake alipotoka kazini.

Saa moja usiku mama alinipigia.

"Amevunja kikombe," akasema. "Nimemwambia aendelee."