Kikapu cha Maranda

Kila adhuhuri, Tasnim akitoka chuoni, humpelekea baba yake chakula kwenye karakana ya mashua huko Kismayu. Badi, baba yake, na Husein, binamu wa Badi, hutengeneza mashua za wavuvi wa kisiwa cha Chovae. Onyo ni moja tu: akigusa dawa za kazi, hatakuja tena. Naye karakana ile anaipenda kupita kiasi.

Siku hiyo aliwakuta wamekwenda kuswali. Akitafuta mahali pa kuweka bakuli, kiwiko chake kikaipiga chupa isiyofungwa vizuri. Dawa ya kugandishia gundi ya mashua za faiba ikamwagika sakafuni.

Hakubabaika. Ameona mara nyingi sifa, mafuta ya papa ya kupaka mashua za mbao, yakimwagika. Hufunikwa kwa maranda ya mbao, yakazolewa, na bibi yake Mwanapili akayachukua kuwashia jiko. Basi naye akafunika, akazoa kwa mikono, akakijaza kikapu cha bibi. Alijiona hodari kweli. Bibi akaja, akakichukua, akarudi uani kwake, nyuma ya karakana.

Punde vidole vikaanza kumchoma Tasnim. Baba na Husein waliporudi, akaficha mikono mgongoni.

"Nani ameigusa chupa hii?" baba akauliza.

Tasnim akaogopa kufukuzwa. Lakini alipotupa jicho juu ya ua, alimwona bibi akipepea makaa, kikapu kiko miguuni pake.

"Nimeimwaga mimi, baba. Maranda yake anayo bibi."

Badi hakupoteza muda kugomba. "Mama, ondoka hapo jikoni. Kikapu usikiguse."

"Kwani mchu hapiki chai kwa amani?" bibi akalalamika kwa Kibajuni chake, mchu akimaanisha mtu, lakini akaondoka.

Husein akayafukia makaa kwa mchanga. Tasnim na bibi wakanawa kwa maji mengi ya bomba, wakanawa tena na tena, mpaka vidole vikapoa. Badi alivaa glavu na miwani ya kazi. Akayalowesha maranda chapachapa, akayapeleka uwanjani mbali na watu, kisha akafunika sakafu kwa mchanga mbichi na kuuzoa kwa koleo la plastiki.

Alipomaliza, Tasnim alikuwa analia. "Nisije tena, baba?"

"Njoo," Badi akasema. "Kuiacha chupa wazi ni kosa langu, na leo nitaifungia kabatini. Ila sikiliza, mwanangu. Dawa hii si sifa. Ikilowesha maranda yaweza kuwaka hata bila kiberiti. Dawa ya kazi usiyoijua ikimwagika, usiiguse wala usiifunike. Sogea mbali, uwazuie wengine, utuite. Na useme ukweli hapo hapo, hata ukiogopa. Leo umesema, na bibi yako yu salama."

"Salama, ila sina chai," bibi akasema. "Niletee maranda mengine."

Tasnim akafuta machozi, akaliendea fungu lililokuwa chini ya meza ya randa. Kabla hajainama, akageuka.

"Baba, haya naweza kuyagusa?"