Nilisubiri Koridoni, Mkwe Wangu Akaihamisha Timu Yetu

Nina miaka sitini na nane. Mimi ni Mganda, mjane, naishi Fittja hapa Stockholm, ghorofa ya saba. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimeandika vibaya mnisamehe, ila msinihurumie. Kiswahili nilijifunza Nairobi nikiwa mkimbizi. Kiswidi nilijifunza nikisugua sakafu za watu. Duka langu la dobi nililifungua mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Wenzangu wengi huandika jinsi walivyoibiwa mume. Mimi niliibiwa timu ya mpira. Msicheke. Pamoja na timu hiyo nilipoteza mtoto, naye yu hai.

Mwanangu Yona alizaliwa mkubwa na akaendelea kukua. Kwenye soka walimfukuza, maana kila aliyegongana naye alibebwa. Akawa anashinda chini ya ghorofa na vijana ambao mama zao walikuwa wameshakata tamaa. Ndipo mwalimu mmoja wa michezo, Mswidi aliyewahi kuishi Marekani, akaja na mpira wenye umbo la papai. Akamtazama Yona juu mpaka chini, akasema, huyu ndiye niliyekuwa namtafuta. Ni mara ya kwanza mtu katika nchi hii kumwambia mwanangu hivyo.

Mpira wa Kimarekani ni vita ya watu waliovaa kofia ngumu. Kazi ya Yona ilikuwa kusimama mbele ya mrushaji na kuwazuia wanaokuja kumwangusha. Hafungi yeye, hashangiliwi. Anasimama tu, mtu asipite. Mimi nilielewa upesi kuliko wanaume wote waliokuwa pale, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote.

Timu ilianzia kwenye kiwanja cha changarawe karibu na ziwa. Jina nililitoa mimi: Korongo wa Fittja, kwa ajili ya ndege wa kwetu mwenye taji kichwani. Nembo niliishona kwa mkono. Jezi nilizifua bure miaka yote.

Mechi ya kwanza tulikwenda Jakobsberg. Walitupiga mpaka wakaanza kutuchezeshea watoto wao. Tukiwa tunarudi Yona alinipa jezi yake.

"Mama, hii damu haitoki."

"Ya kwako au yao?"

"Yangu."

"Basi nitaitoa. Ingekuwa yao ningeiacha."

Basi zima lilicheka. Tangu siku hiyo wakaniita Mama Dobi, Waswidi, Waturuki, Wakongo, wote.

Tulipanda polepole. Kina mama tulipika, tukasimama kwenye mvua, tukajifunza kupiga kelele kwa Kiswidi. Vijana wetu wakaanza kuwapiga waliokuwa wakitupiga. Yona akawa nahodha. Akawa analala mapema, anasalimia majirani. Nilimshukuru Mungu kwa papai lile...

Kisha binti yangu, Ruti, akaolewa na Erisa.

Hapa lazima niwaeleze jambo, wasiotoka kwetu wasipotee. Kwa Waganda mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Akija nyumbani mimi naingia jikoni, tunasalimiana mlango ukiwa katikati. Ni heshima. Na wazee walisema anayevunja mwiko huo mikono yake itatetemeka mpaka kufa. Nimeishi Ulaya miaka mingi, nimeacha mengi, hilo sikuliacha.

Erisa alisoma biashara chuo kikuu. Mimi ndiye niliyewatumia ujumbe viongozi wa timu kwamba mkwe wangu ana kichwa, mpeni kazi. Na kweli, alikuwa na kichwa. Ikaanzishwa ligi ya kulipwa ya nchi kadhaa, akatuingiza. Korongo wetu wakawa timu ya kulipwa! Vijana wa Fittja wanalipwa kwa kugongana, Wamarekani wanaletwa kwa ndege kutusaidia. Kwa kazi hiyo iliundwa kampuni, naye akawa mkuu wake. Lakini tuliweka sharti: timu isihamishwe bila wanachama kupiga kura. Kila mwanachama, kura moja. Kina mama wote tulikuwa wanachama, nasi ndio tuliokuwa wengi.

Siku moja alikuja kwangu na Ruti. Akanisemesha kutoka sebuleni, mimi niko jikoni na sufuria yangu.

"Mama, Marekani timu huhamishwa kama duka. Mwenye timu akiona soko kwingine, anafunga virago."

"Hapa si Marekani, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Nasema tu."

Nasema tu... Nikampakulia chakula, Ruti akampelekea.

Mikutano yetu ilikuwa ikifanyika ukumbi wa shule. Erisa alikaa mbele, mimi nilikaa nyuma kabisa, kina mama wakinizunguka kama pazia, hivyo sikuuona uso wake wala yeye wangu. Mkutano wa mwaka ule akauhamishia kwenye chumba kidogo juu ya ukumbi wa mazoezi. Mlango mmoja. Nilipofika nilimwona kwa pembe ya jicho: kiti chake kilikuwa palepale mlangoni. Kuingia ningepita magotini pake.

Nikarudi nyuma, nikajifunika kitambaa, nikasimama koridoni. Kina mama nao wakasimama. Mama Furaha, Mkongo, mwanawe alicheza na Yona, akaninong'oneza.

"Mama, sisi tuingie?"

"Subirini. Wakiwa na jambo la maana wataniita."

Hicho kilikuwa kiburi changu kikizungumza. Nilishona nembo, nilitoa jina, nani angethubutu kuamua bila kuniita? Mama Furaha angeweza kuingia, hakuna mwiko uliomfunga. Lakini angeniachaje nimesimama peke yangu? Tukabaki pale tukisemezana habari za watoto na bei ya ndizi. Mlango ukafungwa kwa ndani, taratibu.

Ulipofunguliwa, Yona alitoka wa kwanza. Uso wake sijawahi kuuona vile hata alipovunjika bega. Alinisemesha kwa Kiswidi, maana hasira yake haijui Kiswahili. Kwa nini hukuingia? Nikamwambia, shemeji yako alikuwa mlangoni. Akasema shemeji aliwaambia wote kwamba Mama Dobi ameshakubali, wamezungumza nyumbani, ndiyo maana ametulia nje na wenzake. Timu inahamia Ujerumani. Waliokuwemo wameinua mikono. Walioko nje hawahesabiwi.

"Wewe je," nikamwuliza, "hukukataa?"

"Nilikataa peke yangu."

Nilitaka kurudi ndani. Erisa alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti. Na miguu yangu, wasomaji... miguu yangu ilikataa.

Walichukua Wamarekani na kocha. Vijana wetu waliambiwa wakajaribiwe hukohuko. Yona alikwenda, akarudishwa, wakasema ana umri mkubwa na bega bovu. Aliporudi hakufungua begi. Alilala mchana, akaacha kusalimia watu. Nikamsihi, nikamwombea, nikamgombeza. Siku moja akaniambia kwa utulivu, kwa Kiswahili safari hii, ili nielewe vizuri:

"Mimi nilisimama mbele ya watu nisiowajua wasiangushwe. Wewe hukusimama mbele yangu hata mara moja."

Akahama. Wanaomwona wanasema yuko Jakobsberg, anapakia mizigo ghalani, hazungumzi na mtu. Simu yangu haipokei.

Na timu? Huko ng'ambo watu hawakuipenda. Wakabadilisha nembo, wakabadilisha rangi, mwishowe kampuni ikafa. Korongo niliyemshona hayuko popote. Kiwanja chetu cha changarawe wanaegesha magari. Vijana waliobaki wamerudi chini ya ghorofa, na sasa wana ndevu.

Erisa na Ruti walirudi kutoka Ujerumani, wanaishi Upplands Väsby. Ruti alikuja akilia, akasema hakujua lolote. Nimechagua kumwamini. Nimebakiwa na nani mwingine?

Mwaka huu mikono yangu imeanza kutetemeka. Kikombe kinagonga sahani, sindano siwezi kuitia uzi. Daktari ameniambia ni ugonjwa wa uzee, hauna dawa ya kuumaliza, utazidi. Nilikaa pale kwa daktari nikacheka peke yangu, akadhani sijaelewa Kiswidi. Nilielewa. Mwiko niliutunza ili mikono isitetemeke.

Siku ileile nilipanda treni mpaka Upplands Väsby. Erisa mwenyewe alifungua mlango. Akageuka akimbilie chumbani, nikamwambia rudi ukae. Tukakaa sebuleni, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Ni mtu mdogo. Ana mvi. Nilikuwa simjui kabisa.

"Ulikiweka kile kiti mlangoni makusudi?"

Akajibu akitazama sakafu.

"Nilijua hutapita, Mama. Ungepita, nisingeweza kuihamisha timu."

Basi. Kitu chote kilikuwa hicho. Magoti ya mtu mdogo kama yule, hatua moja. Nilinyanyuka nikarudi nyumbani, sikumlaani, wala sikupata nafuu yoyote.

Wenzangu mnaonisoma, hasa nyinyi wanawake mliojenga vitu kwa mikono yenu, chama, duka, kwaya, chochote. Sisemi mtupe mila zetu. Nasema mtu akishajua heshima yako inaishia wapi, hapo ndipo ataweka kiti chake. Piteni. Mpite mkimkanyaga magoti, aibu itawapata na itapita. Msikae nje mkisubiri kuitwa kwenye nyumba mliyoijenga wenyewe. Hawatawaita.

Mimi nimechelewa. Jezi ya Yona bado iko dukani, imeoshwa, imekunjwa. Kila wiki naifungua, naikunja upya. Sasa hivi hata kuikunja vizuri siwezi.