Kidole cha Mwamuzi Ashiru

— Nishikie hii, mwamuzi. Usiikunje ovyo.

Josephina, nahodha wa Lulindi, alifungua khanga kiunoni, akamtupia Ashiru begani, akarudi nyuma na mpira kuchukua kasi. Ndiyo desturi ya kriketi. Anayerusha humwachia mwamuzi vitu vyake, na mwamuzi husimama katikati ya uwanja kama kamba ya kuanikia nguo.

Zena wa Mnyambe alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, gongo mkononi, akingoja zamu yake ya kupiga. Macho yake yakatua kwenye khanga. Nyekundu, maua ya njano, na maandishi: MOYO WANGU HAUNA WA PILI.

Khanga kama hiyo alikuwa nayo mwenyewe, ndani ya kapu la timu. Ashiru ndiye aliyempa, wiki posa yake ilipopokewa. Kipande kimoja. "Cha pili kiko kwa fundi, mpenzi," alimwambia.

— Nzuri hiyo khanga, mwamuzi.

— Angalia mchezo, Zena.

— Naangalia. Leo ndiyo naangalia vizuri.

Ashiru akakohoa, akaisukuma khanga nyuma ya bega. Yeye ndiye mtu pekee aliyezijua sheria za kriketi, kuanzia Masasi mpaka Tandahimba. Alijifunzia Dar alipokuwa akitunza uwanja wa watu. Aliporudi ndiye aliyewafundisha wanawake wa vijijini, msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, jioni kazi ikiisha. Kijiji hiki leo, kile kesho, pikipiki yake haipoi injini. Watu walidhani ni mapenzi ya mchezo.

Zamu yake ya kupiga ilipofika, mpira Zena hata hakuuona. Vijiti vitatu vikalala chini nyuma yake.

Zamu zilipogeuka, Lulindi wakipiga, Zena akaomba mpira. Josephina akaja kusimama mbele ya vijiti. Mpira wa kwanza Zena aliulenga kwenye mbavu za Josephina.

— Mamaaa! Wewe! Unacheza au unaua?

— Kwani umekufa?

Siku ile Lulindi walishinda wakiwa kwao. Lakini Zena hakupanda lori na wenzake. Alichukua khanga yake kwenye kapu, akamfuata Josephina bombani, alikokuwa akiosha miguu.

— Nyie wa juu mlimani, kusiko na maji, mkiona bomba linatoa maji mnachanganyikiwa, Josephina alisema bila kugeuka. — Kunywa, dada. Jaza na tumbo la kesho.

— Maji yako baki nayo. Khanga hiyo kakupa nani?

— Inakuhusu?

— Nimekuuliza kwa adabu. Mara ya pili sitauliza kwa mdomo.

— Kanipa mwanamume wangu. Mchumba wangu. Umeridhika?

Zena akaikunjua yake. Josephina akacheka.

— Ndiyo hiyo tu? Khanga zinafanana, mwenzangu. Zimejaa mnadani tele.

— Lete ukingo wako.

Doti ya khanga huuzwa vipande viwili vikiwa kitambaa kimoja, mnunuzi akakata. Hii aliyeikata hakuwa na mkasi wala subira. Ukingo wa Zena ulikwenda kombo, ukaingia ndani kama jino bovu. Ukingo wa Josephina ulitokeza palepale. Wakaviweka bega kwa bega juu ya saruji ya bomba. Ua lililokatwa katikati likawa zima.

Josephina akaacha kucheka.

— Aliniambia cha pili kiko kwa fundi.

— Na mimi hivyohivyo.

— Hata doti nzima kila mmoja hakutununulia!

— Bahili wa nguo, bahili wa moyo.

Wakaketi kwenye saruji. Yule aliyekuja kupigana alijikuta anampangusa mwenzake machozi kwa khanga ya ugomvi.

— Mimi nitammwagia uji wa moto, Josephina alisema.

— Ukimmwagia, kesho wewe ndiye kichaa na yeye ndiye mgonjwa wa kuhurumiwa. Tulia kwanza.

Simu ya Zena ikalia. Ujumbe: "Mpenzi mbona umenuna? Kupigwa vijiti ni kawaida. Nakupenda, wewe peke yako."

Wakati anausoma, ya Josephina nayo ikalia: "Hongera nahodha wangu. Nakupenda, wewe peke yako."

Wakatazamana.

— Hata maneno anakata vipande viwili, Josephina akasema.

Usiku huo Zena alimpigia mjomba wake, Swalehe. Huku kwao posa haipokelewi na baba. Mjomba ndiye mwenye neno.

— Shikamoo mjomba.

— Marahaba mwanangu. Mmeshinda?

— Hatujashinda. Mjomba, Ashiru simtaki. Ana mwingine Lulindi. Nina khanga ya ushahidi.

Mjomba akaguna.

— Zena. Posa ya kwanza uliivunja wewe, watu wakasema una kiburi. Nikakutetea. Ya pili nikaivunje kwa sababu ya khanga? Nitasimama mbele ya wazee wa watu nipunge kitambaa?

— Kwa hiyo niolewe hivyohivyo?

— Mwanamume hakataliwi kwa nguo. Nisikie kwa kinywa chake, au kwa wenye binti wa huko. La sivyo, korosho zikiuzwa, ndoa inafungwa. Na ukikataa tena, utafute mjomba mwingine.

Basi Zena akajua. Akiondoka kimyakimya, aibu inabaki kwake, na Ashiru anahamia kijiji cha tatu na doti nyingine. Akampigia Josephina.

— Fainali ya kombe ni kwetu Mnyambe, tushinde tukutane sisi na nyie. Mjomba wako atakuja?

— Mjomba Silvano? Ataletwa hata kwa toroli. Anamwonea fahari mkwe wake mwamuzi.

— Na wangu atakuwepo. Mpaka siku hiyo, mchekee Ashiru.

— Nitamchekea mpaka meno yaote ukungu.

Wakamchekea kweli. Zena alimpikia kisamvu cha karanga. Aliyaitikia "mpenzi" yake yote, huku moyoni akimhesabia kila tonge kama mtu anenepeshaye jogoo wa sikukuu. Lulindi wakawafunga Newala, Mnyambe wakawafunga Masasi, na kila mechi mwamuzi akasimama katikati, mabega yamejaa khanga za watu, anatabasamu.

Siku ya fainali vumbi jekundu lilikuwa halitui. Jamvi la kuchezea lilishonwa kwa magunia ya korosho. Upande huu mjomba Swalehe na kofia yake, upande ule mjomba Silvano na koti la kanisani. Wanawake wa Mnyambe walishakauka koo kwa kelele.

— Lulindi rudini mkaoge, maji mnayo!

— Tumewaletea ndoo moja, mtagawana! Lulindi wakajibu.

Kufikia mwisho Lulindi walibakiza mikimbio mitatu, yaani alama tatu, kushinda, na mpigaji wao wa mwisho aliyebaki alikuwa Josephina. Akitoka yeye, kombe ni la Mnyambe. Zena akashika mpira.

— Mwamuzi, hujambo?

— Sijambo mpenzi, Ashiru akanong'ona. — Rusha taratibu, usiumize mtu.

— Leo atakayeumia hatapigwa na mpira.

Akakimbia, akarusha. Mpira ukadunda kwenye gunia, ukaingia ndani, ukamgonga Josephina kwenye kinga ya mguu, mbele kabisa ya vijiti. Pu!

Sasa kriketi ina sheria yake. Mguu ukizuia mpira uliokuwa ukienda kwenye vijiti, mpigaji katoka, zamu yake imekwisha. Hata kama mpigaji katoka waziwazi, mwamuzi hasemi kitu mpaka aulizwe kwa ukelele wa hauzat. Akiulizwa, lazima ajibu mbele ya watu wote. Kidole juu, katoka. Akitikisa kichwa, yumo.

Zena akageuka, akamkabili, mikono miwili hewani.

— Hauzaaat! Mwamuzi, vipi huyu?

Ashiru akamtazama Zena, akamtazama Josephina, akaona koti la Silvano, akaona kofia ya Swalehe. Kidole kikapanda mpaka kifuani, kikashuka.

— Mpira… ulikuwa… ngoja kidogo…

— Umeulizwa, jibu! Josephina akapaza sauti kutoka upande wa pili. — Jibu, Edmund!

Zena mwenyewe akashtuka. Hilo hawakulipanga.

— Edmund ndiyo nani? mjomba Swalehe akauliza.

— Huyo hapo, mjomba Silvano akajibu kwa furaha, akiingia uwanjani. — Mkwe wetu. Mwezi wa kumi anabatizwa, jina kajichagulia mwenyewe. Anamwoa Josephina wetu.

— Anamwoa nani? Huyu ni Ashiru! Alikula ubwabwa kwangu akiniambia anamwoa Zena wetu!

— Ashiru ni la zamani, alituambia.

— La zamani? Kalitumia juzi!

Kicheko kililipuka, kikazunguka uwanja. Wanawake wa timu zote mbili walikaa chini. Mmoja alipiga kigelegele, mwingine akaita, "Edmund Ashiru! Tukuite lipi ukija kula?"

Ashiru akamshika Zena mkono.

— Zena, twende pembeni tuzungumze.

— Pembeni ndiko ulikozoea. Leo hapahapa katikati. Unamwoa nani?

— Mimi… nilikuwa nataka kuamua…

— Mwaka mzima unaamua?

Mjomba Swalehe akavua kofia, akaikung'uta vumbi.

— Nimesikia kwa kinywa chake, akasema. — Posa imekwisha, na kosa si la binti yangu. Atakayesema vinginevyo aje kwangu.

Kule mbele ya vijiti Josephina akalaza gongo begani, akaanza kutembea kutoka nje.

— Mbona unatoka? wenzake wakamlilia. — Hajanyoosha kidole!

— Mguu ni wangu, mpira nimeusikia. Simsubiri huyo aniambie nimetoka.

Hivyo ndivyo Mnyambe walivyolichukua kombe. Zena alimkumbatia mpinzani wake kwanza, kisha timu yake. Walipogeuka, Ashiru alikuwa kanyoosha kidole juu, peke yake, hakuna mpigaji mbele yake.

— Shusha, Zena akamwambia. — Watu wamekwenda kula.

Mama Naima, mwenyekiti wa timu, alitaka afukuzwe palepale.

— Hapana mama, Zena akasema. — Jumapili tuna mchezo wa kirafiki na Tandahimba. Sheria nani mwingine anazijua? Asimamie yeye.

— Siji ng'o! Ashiru akasema.

— Utakuja. Mjomba Swalehe amekwishampigia mjomba wako simu. Unakuja kuomba radhi kwetu asubuhi, kwa kina Josephina mchana, na jioni unasimama uwanjani.

— Zena, unataka kuniua kwa aibu?

— Kufa hapana. Nataka uishi nayo.

Jumapili Tandahimba walikuja na malori mawili, na nusu ya waliopanda hawakuwahi kuona kriketi maishani mwao. Ashiru alikuja, kichwa kimeinama. Zena akashika mpira, akamtazama usoni, akachukua kasi.

Aliuliza "Vipi huyu?" kila alipopata nafasi, na kila mara ilimbidi Ashiru ajibu mbele ya watu wote.