Mtoto Aliyecheza Msiba

Asubuhi kijijini Kyimo huanza na ukungu. Kabla haujapanda, Alinanuswe alikuwa ameshafagia uwanja na kubandika ndizi jikoni. Mumewe, Hezron, alikuwa ameshaondoka kwenda kazini kwenye kiwanda cha chai. Kazi iliyobaki ndiyo iliyomchosha moyo. Alitoa nje godoro la Lugano na kuliegemeza ukutani. Lilikuwa limelowa tena.

Lugano alikuwa binti wa miaka sita. Mama yake, Anyelwisye, alikuwa dada yake Alinanuswe. Dada huyo aliugua ghafla masika, kule Isongole alikoishi, akafia hospitali. Siku ya mazishi, watu wazima walimpeleka Lugano kwa jirani ili asione. Alipouliza, Alinanuswe alimwambia, "Mama amesafiri." Alidhani anamhurumia. Kisha akamchukua, akaja naye Kyimo.

Tangu hapo mtoto alibadilika. Shuleni aling'ata wenzake. Nyumbani hakusema neno ila ndiyo na hapana. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alichimba vishimo. Alifunga vibunzi vya mahindi kwa vitambaa, akavifukia, akaimba kwa sauti ndogo wimbo wa mazishi wa kanisani. Alinanuswe alipomkuta, alivunja kijiti akamchapa.

"Unatuitia msiba mwingine?" alimuuliza.

Lugano hakulia. Alitazama chini tu, na kesho yake akachimba tena.

Jioni moja mtoto wa Alinanuswe, Obed, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, alikuwa analia jikoni. "Maji, maji," alisema. Lugano akaziba masikio. Obed akazidi kulia. Lugano akamsukuma, naye akaangukia mkono kwenye mafiga. Alinanuswe alimwagia mkono ule maji ya baridi kwa muda mrefu, kisha akamkimbiza zahanati.

Hezron aliporudi na kuona bandeji, alimpakata Obed.

"Mama Obed," alisema, "huyu mtoto arudi kwa ndugu wa baba yake. Mimi namwonea huruma, lakini ataniulia mtoto."

Baba yake Lugano alishawaacha zamani. Ndugu wale hawakuwahi hata kuja msibani.

Aliporudi zahanati kubadilisha bandeji, muuguzi alimuuliza mkono uliunguaje. Alinanuswe akaeleza yote, hata fimbo. Muuguzi alimwelekeza Ibighi, mjini Tukuyu, kwa mshauri wa watoto aitwaye Happyness. Jioni Alinanuswe alimwomba Hezron asubiri kwanza. Hezron alikubali kwa shingo upande.

Chumba cha Happyness kilikuwa kidogo. Palikuwa na mkeka, beseni la mchanga, vikombe, udongo wa kufinyanga na wanasesere wa vitambaa.

"Amekuja kucheza?" Alinanuswe aliuliza. "Dada, huyu mtoto ana shida. Kucheza anacheza hata nyumbani. Anacheza kuzika."

"Wewe ukifiwa unafanya nini?" Happyness alimuuliza.

"Nakaa na watu. Nalia. Nasimulia marehemu alivyougua."

"Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kusimulia hivyo. Anasimulia kwa mikono yake. Kile unachokiona kwenye migomba ndiyo matanga yake, na anayakalia peke yake."

Alinanuswe aliinamisha uso. Alikumbuka kile kijiti.

"Na kule kung'ata? Na kukojoa?" aliuliza.

"Hofu na huzuni vikikosa pa kutokea, hutokea huko. Si ukorofi. Atakuja hapa kila wiki. Usitegemee mabadiliko ya haraka."

Siku ya kwanza Lugano hakugusa kitu. Siku nyingine alirusha vikombe. Happyness hakumkaripia. Alisema, "Naona una hasira. Watu hatuwapigi. Ukitaka kupiga, piga huu mto." Lugano akaupiga mto mpaka akachoka.

Kisha ikafika siku ambayo Alinanuswe aliruhusiwa kukaa pembeni. Aliambiwa asiulize, asisahihishe, atazame tu. Lugano alimlaza mwanasesere mkubwa kwenye mkeka. Akachukua kikombe cha maji, akazunguka chumba taratibu, akarudi. Akamfunika mwanasesere uso. Akamwaga maji. Akaanza upya.

"Huyu anataka maji," Happyness alisema kwa upole.

"Maji yamechelewa," Lugano alijibu. "Mtoto alikuwa anacheza kisimani. Mama alisema, 'Nina kiu, wahi.' Mtoto hakuwahi. Wakamchukua mama na gari."

Alinanuswe alikumbuka Obed alivyolilia maji jikoni. Kumbe miezi yote hii mtoto alikuwa amebeba hayo.

Happyness alimtazama Alinanuswe, akamwashiria kwa kichwa kumruhusu. "Mwambie ukweli," alisema. "Kwa maneno mepesi."

Alinanuswe alisogea mpaka kwenye mkeka. "Lugano, mwanangu, nilikudanganya. Mama hakusafiri. Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi. Aliugua ugonjwa mkubwa. Hata ungewahi na maji, yasingemponya. Hukumuua wewe."

"Alinikasirikia?"

"Hapana. Nilikuwa naye hospitali. Aliuliza kama umekula."

Hapo Lugano akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na Alinanuswe akamshika mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Happyness alimfundisha Alinanuswe la kufanya nyumbani. Kila siku amtengee Lugano muda mfupi wa kucheza, mahali palepale. Mtoto ndiye achague mchezo. Mkubwa aseme anachokiona, asihoji. Fimbo aiache. Godoro likilowa, walitoe pamoja bila maneno.

Hezron aliposikia habari ya maji, alitoka nje akasimama kwenye mvua. Aliporudi ndani hakutaja tena ndugu wa baba yake Lugano. Alileta udongo mzuri wa mfinyanzi, akauweka barazani.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kung'ata kuliisha kwanza. Godoro lilianza kulala kavu, ingawa si kila siku. Mwalimu wa Lugano alisema sasa anajibu akiulizwa. Nyuma ya nyumba bado alizika vibunzi mara mojamoja, ila sasa alimwita mama mdogo waimbe wote.

Kisha akaomba kuona kaburi. Walipanda bodaboda mpaka Isongole, wakapita mashamba ya viazi. Kaburi lilikuwa pembeni ya nyumba aliyoishi Lugano na mama yake, nyasi zimeanza kuota. Lugano alikaa chini akazing'oa, moja moja. Alinanuswe alisimama nyuma yake, amekaza uso kama alivyoukaza tangu siku ile ya mazishi, alipokuwa akihangaika na wageni na chakula.

"Mama mdogo," Lugano alisema bila kugeuka, "mama alikuwa dada yako?"

"Ndiyo. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo."

Mtoto alifikiri. "Basi na wewe umefiwa."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Alinanuswe hivyo. Alikaa kwenye udongo karibu na mtoto, akajifunika khanga, akamlilia dada yake. Lugano aliacha nyasi, akamsogelea, akaweka mkono mgongoni pake na kukaa naye.