Redio ya Nerima Imezima Tena

Asubuhi ile foleni ya malori mpakani Malaba ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita tatu, na kila dereva alikuwa amenuna. Emukule, fundi wa redio, alikuwa amening'inia mlangoni mwa lori moja akivuta waya za spika. Alipomaliza aliruka chini bila kutazama, akamkanyaga mtu.

"Wewe boss! Macho umeacha kwa nyumba?"

Mguu ulikuwa wa Nerima, muuza chapati. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kiunoni, beseni kichwani, na shingoni redio ndogo ya memori kadi iliyokuwa ikipiga rumba. Madereva waliolala chini ya trela walimjua kwa rumba hiyo. Wakiisikia wanaamka na kutafuta vikombe. Katikati ya wimbo palikuwa na mahali palipokwama na kuruka kila mara, wakapazoea pia. Sasa redio ikakoroma, ikanyamaza.

"Umeona? Umeniua mguu, umeniulia na biashara."

"Mguu ni mimi, pole," alisema Emukule. "Redio ni betri. Njoo kibandani."

Juu ya kibanda chake palikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KAZI HAIRUDI, maana alichotengeneza yeye hakikuletwa tena. Akaweka betri mpya, kisha akamwandikia masharti kwenye karatasi, akimsomea moja moja. Punguza sauti. Zima taa za rangi. Usiiache juani. Zima Bluetooth kama huitumii. Usingoje izime kabisa ndipo uichaji, maana betri ikiishiwa mara nyingi inakufa mapema.

Nerima hakusikia hata sharti moja. Alikuwa akitazama vidole virefu vya fundi, na jinsi alivyouma ulimi akiunganisha waya. Alimpenda pale pale, kwenye benchi lililojaa maganda ya waya, na hakuna haja ya kuzunguka mbuyu kuhusu hilo.

Karatasi aliitunza. Kila Jumatano jioni, chapati zikiisha, aliitoa akaifuata kinyume: sauti mwisho, taa zote, Bluetooth ikihangaika kutafuta simu za majirani, redio ndani ya sufuria yenye joto bado, badala ya jua, ikilia mpaka ikate roho. Alhamisi alijipaka mafuta, akavaa lile gauni, akarudi kibandani.

"Imezima tena, fundi wangu."

"Haiwezekani! Hii ni betri ya tatu! Taa ulizima?"

"Nilizima."

"Sauti?"

"Ilikuwa chini mpaka mimi mwenyewe sikuisikia."

Emukule akashika kichwa. Nimeona wanaume wazito wa kuelewa, lakini huyu alipita kipimo. Wala si kwamba hakumpenda. Alimpenda mpaka wiki ikawa ndefu kuanzia Ijumaa. Lakini alijiambia: mwanamke ambaye redio yake imekushinda mara tatu, utamwambia unampenda kwa mdomo gani? Kwanza kazi itulie. Fundi mzima, kichwa kimejaa waya!

Hata kwa simu alikuwa hivyo hivyo.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Chaji iko ngapi saa hii?"

"Emukule, mwezi umetoka. Umeuona vile uko mzuri?"

"Nimeuona. Lakini hiyo redio umeitoa kwa jua leo?"

Nerima alikata simu, akautandika mto ngumi mbili.

Na muda ulikuwa unayoyoma. Shangazi yake alikuwa amefungua hoteli Busia, akamtaka aende kuisimamia ifikapo mwisho wa mwezi. Nerima alikuwa akingoja neno moja tu la Emukule ili akatae.

"Si umwambie wewe," alisema Atyang, rafiki yake aliyeuza omena karibu na kibanda cha fundi.

"Mimi mwanamke ndiyo nimkatie, nimtongoze? Huko kwetu Bukhayo nitasemwa mpaka kwa matanga yangu."

Betri ya nne haikuwekwa. Emukule aliizuia redio wiki nzima, na Nerima akauza chapati kwa kupiga kelele mpaka koo likamkauka. Alhamisi ya mwisho wa mwezi alimkuta fundi anatabasamu. Alikuwa ametoa betri mbili kwenye laptop kuukuu akaziunganisha, akakata waya za taa, akaiua Bluetooth, na juu yake akashona mfuko wa ngozi wa kukinga jua.

"Masaa arobaini," alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Nimeijaribu mwenyewe. Sasa hata huna haja ya kurudi hapa tena."

Nerima aliigeuza redio mikononi.

"Umekaa wiki nzima unatengeneza hii ndiyo nisirudi?"

"Ehe! Si ulikuwa unateseka?"

"Asante, fundi."

Leo hakusema "fundi wangu," na Emukule hata hakugundua. Alikuwa amepanda stuli anakipangusa vumbi kibao chake. Jumamosi Nerima akabeba beseni na redio, akaenda Busia.

Alhamisi iliyofuata Emukule alipiga pasi shati jeupe. Kazi imetulia, leo atasema! Alikaa mlangoni tangu asubuhi. Saa kumi akamwendea Atyang.

"Nerima ameenda Busia, kwa shangazi yake," alisema Atyang bila kuinua macho kwenye omena. "Si wewe ulimwambia asirudi?"

"Nilikuwa naongea juu ya betri!"

"Ehe. Basi kaa na betri yako."

Alimpigia Nerima mara tisa, hakushika. Siku nne Emukule hakutengeneza kitu kikapona. Redio ya dereva mmoja aliirudisha ikiwa haina hata sauti ile mbovu iliyokuja nayo. Siku ya tano simu ikalia.

"Imezima," alisema Nerima.

"Haiwezi kuzima! Umeichaji?"

"Nimeichaji. Imezima kabisa, haisemi kitu."

Emukule akafungua mdomo aulize sauti iko ngapi, akaufunga. Nyuma ya maneno ya Nerima kulikuwa na gitaa. Akasikiliza. Wimbo ukafika katikati, ukakwama, ukaruka, ukaendelea.

"Nerima, naisikia ikiimba."

Gitaa likapunguzwa sauti haraka.

"Hiyo ni ya jirani," alisema Nerima kwa sauti ndogo.

"Na ya jirani inaruka hapo hapo? Mbona unaniambia imezima?" Kisha kitu kikamgonga kichwani. "Na zile zingine zote?"

"Nilikuwa naziua mimi! Ile karatasi yako nilifanya yote uliyokataza, kila Jumatano!"

"Nerima! Betri tatu! Nilifikiri nimesahau kazi!"

"Na hukujiuliza mtu anavaa gauni zuri namna hiyo kwa ajili ya betri? Nimechoka na wewe, Emukule! Nimechoka kabisa!" Sasa alikuwa analia, na rumba inaendelea.

"Usiizime," alisema Emukule. "Weka sauti mwisho. Nakuja."

"Kutengeneza nini?"

Lakini simu ilishakatwa. Emukule alivaa tena lile shati jeupe, akachukua bodaboda mpaka Busia, shati likawa jekundu kwa vumbi, na mtaa wa hoteli akaujua kwa rumba kabla hajamuuliza mtu. Nerima alikuwa katikati ya meza, sahani za ugali mikononi, redio shingoni, macho mekundu. Wateja wakaacha kula.

"Nerima," alisema Emukule. "Nataka kukuoa."

"Nini? Sisikii."

"Izime kwanza."

"Haizimi," alisema Nerima, akaziweka sahani chini na kufuta macho kwa aproni. "Fundi wangu aliitengeneza vizuri. Paza sauti, shangazi yuko jikoni, naye asikie."